Kabla ya kubadili maneno, badili nyuzi

Swali la wiki hii: mwimbaji mwenye gitaa kavu na sauti yake tu afanyeje ili nyimbo zake za mambo ya moyoni zisifanane? Wengi watamshauri atafute maneno mazito zaidi. Mimi namshauri atyuni gitaa lake upya, yaani akaze au alegeze nyuzi zitoe noti nyingine, na shahidi wangu ni mwimbaji Joni Mitchell wa Kanada.

Joni aliugua polio akiwa na miaka 9, na mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Kodi za kawaida, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zilimsumbua, hivyo akageukia kutyuni kwa wazi, yaani nyuzi zikipigwa bila kubanwa zinatoa kodi kamili. Baadaye alikuwa na mitindo kama 50 ya kutyuni.

Anza na D ya wazi. Uzi wa 6, ule mnene kuliko yote, shusha toni nzima, noti ya E iwe D. Wa 5 na wa 4 ziache. Wa 3 shusha nusu toni, G iwe F#. Wa 2 shusha toni nzima, B iwe A. Wa 1 vilevile, E iwe D. Kila uzi ushushe upite kidogo noti unayoitaka, kisha uukaze urudi juu, la sivyo utaendelea kulegea katikati ya wimbo. Ukimaliza, rudia kupima zote sita: nyuzi nne zikilegezwa, shingo ya gitaa inapumua na zile mbili ulizoziacha hupanda kidogo.

Mtego uko hapa. Ukilaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote kwenye freti ya 5 (freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingoni) unapata kodi ya G, ya 7 unapata A, na zote ni meja, yaani za furaha. Ni rahisi mno, na wimbo wa majonzi unageuka wa sherehe. Badala yake bana uzi wa 3 peke yake, freti ya 1. Ile noti inayoamua kama kodi ni ya furaha au ya huzuni imetoweka, na sikio linabaki likisubiri. Ongeza uzi wa 5, freti ya 2: sasa una kodi ya G, lakini A na D zinaendelea kulia bila kubanwa na kuitia shaka. Joni aliziita kodi za namna hii kodi za kuuliza. Gitaa likishabeba swali, mwimbaji halazimiki kuimba "nimechanganyikiwa".

Nyuzi zikivuma kwa kulegea, lifunge gitaa seti nene, ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni inchi .013 badala ya .011. Ukitaka E ya wazi, usikaze. Nyuzi tatu zingepanda, na hapo ndipo hukatika. Baki D, funga kapo (kibano cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya 2, karibu kabisa na chuma cha freti, kisha pima tena kwa sababu kapo inayobana sana hupandisha sauti.

Kuhusu maneno nitasema machache. "Little Green", iliyo kwenye albamu *Blue* ya 1971, inamhusu binti ambaye Joni alimzaa 1965 akamtoa alelewe na wengine. Wasikilizaji wengi hawakulijua hilo hadi miaka ya 1990. Wimbo hauelezi kisa. Unataja makaratasi ya kutia sahihi, na gitaa, lililotyuniwa G ya wazi, halina haraka.

Jukwaani panga nyimbo za mtindo mmoja wa kutyuni zifuatane. Joni mwenyewe katikati ya miaka ya 1990 alihamia Roland VG-8, mashine inayobadili tyuni kielektroniki, lakini bei yake haikuwa ya kila mtu. Na andika kila mtindo kwa njia ya Joni: noti ya uzi wa 6, kisha freti ya kubana kwenye kila uzi ili upate sauti ya uzi unaofuata. D ya wazi ni D75435, G ya wazi ni D57543. Usipoandika, kesho kodi uliyoiokota usiku huipati tena.