Msumeno wa meza unaochoma mbao na kurusha vipande: bledi mpya isubiri kwanza

Mkuu, umeuliza kama ununue bledi mpya ya bei au uinoe uliyonayo, kwa kuwa msumeno wako wa inchi 10 ulioununua ukiwa umetumika unaacha alama nyeusi kwenye mbao, unabanwa katikati ya kupasua, na juzi kipande kiliruka kikagonga ukuta nyuma yako. Umesema bledi ina meno 80. Kisha ukataja kwa kupita tu kwamba kava na kisu cha nyuma havipo, mwenye mashine wa kwanza alivitoa. Mimi nitaanzia hapo ulipopapita, halafu nitarudi kwenye bledi.

Usipasue tena hata ubao mmoja kabla kisu cha nyuma hakijarudi. Nasema kile kibapa cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, kinachopanda na kushuka pamoja nayo. Wengi wanakiona ni kikwazo, lakini ndicho kinachokulinda na hilo lililokutokea juzi. Meno ya mbele ya bledi yanashuka, kwa hiyo yanaukandamiza ubao kwenye meza. Meno ya nyuma yanapanda. Ubao ukijifunga nyuma ya bledi, au ukisukumwa kidogo ukayaegemea meno hayo yanayopanda, unanyanyuliwa na kutupwa kuelekea kwako. Bledi ya milimita 254 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za meno yake zinakwenda karibu kilomita 190 kwa saa. Hakuna mkono unaoweza kushindana na hilo.

Na kipande kinachoruka si hatari pekee. Mkono uliokuwa unasukuma unabaki ghafla bila kitu cha kusukuma, unaendelea mbele, na mbele yake kuna bledi. Mwenzangu mmoja wa karakana alipoteza ncha za vidole viwili kwa namna hiyo hiyo. Hakuwa mzembe, na kazi ile alikuwa ameirudia tangu asubuhi. Ubao ulinyanyuka, mkono ukafuata. Mashine ile haikuwa na kisu cha nyuma.

Unapotafuta kisu, chukua venia (kile kifaa cha kupimia unene mdogo) upime vitu viwili: unene wa bapa la bledi, yaani mwili wake bila meno, na upana wa njia inayokatwa na meno. Kisu lazima kiwe kinene kuliko bapa na chembamba kuliko njia. Bledi nyingi za inchi 10 za kawaida zinakata njia ya milimita 3.2 hivi, zile nyembamba 2.4. Ukifunga bledi nyembamba kwenye mashine yenye kisu cha bledi nene, ubao utafika kwenye kisu na kugoma. Hapo ndipo watu wengi wanakasirika na kukitupa kisu, wakati cha kubadilisha ni bledi. Pengo kati ya kisu na meno liwe kama milimita 3 hadi 8, na ncha ya juu ya kisu iwe chini kidogo ya jino la juu kabisa, ili kibaki mahali pake hata unapochimba mfereji usiotoboa ubao. Kava nalo lirudi, ila likibidi kutoka kwa kazi fulani, kisu kinabaki.

Sasa mpangilio, maana nina hakika nusu ya tatizo lako iko hapa. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, chomoa kabisa na uiweke plagi mahali unapoiona. Pandisha bledi mpaka juu, chagua jino moja ulitie alama ya kalamu. Lisogeze mbele, pima umbali wake kutoka ule mfereji wa mezani ambamo kipimo cha pembe huteleza. Zungusha bledi kwa mkono mpaka jino hilo hilo lifike nyuma, upime tena. Lazima liwe jino lile lile, kwa sababu bledi yenyewe inaweza kuwa imepinda kidogo na ukipima meno mawili tofauti utajidanganya. Tofauti ikiwa ndani ya milimita 0.1, yaani unene wa karatasi moja ya kawaida, mashine iko sawa. Ikizidi, legeza kidogo boliti zinazoshikilia meza (au zile zinazoshikilia kiti cha bledi chini yake, inategemea mashine), acha moja ikiwa imekaza nusu iwe kama bawaba, kisha gonga taratibu kwa nyundo ya mti huku ukipima. Kazi hii inachosha na haitaki haraka. Mashine iliyobebwa kwenye gari karibu kila mara inakuwa imehama.

Bledi ikishalingana na mfereji, linganisha fensi (ule mwongozo ulionyooka ambao ubao huuegemea unapopasua) na mfereji huo huo. Mimi huiacha upande wa nyuma ifunguke kwa unene wa karatasi. Wapo mafundi wanaotaka iwe sambamba kabisa na sibishani nao, ila isijifunge kuelekea bledi kwa nyuma hata kidogo. Fensi inayojifunga inausukuma ubao kwenye meno yanayopanda, na hapo unapata vyote ulivyolalamikia: alama nyeusi, kubanwa na kurushwa. Kwa kawaida alama hizo zinatokea kwenye ukingo uliokatwa wa kile kipande kilicho kati ya fensi na bledi, kwa hiyo ziangalie vizuri kabla hujagusa chochote. Zitakueleza.

Nyuzi 90 usizipime kwa macho. Weka skwea kwenye bapa la bledi, si kwenye meno. Kisha kata kipande kinene kilichosimamishwa kwa ubavu, geuza nusu moja, uzikutanishe pande zilizokatwa. Mwanya utakaouona ni kosa la mashine mara mbili, kwa hiyo hata kosa dogo halijifichi.

Turudi kwenye bledi. Meno 80 ni ya kukata kwa kukingamisha na ya plaiwudi, pale unapotaka ukingo safi usiochanika. Kupasua ubao mnene kwa urefu kunatoa nyuzi ndefu za mbao, na nafasi ndogo kati ya meno 80 haziwezi kuzibeba zote kuzitoa nje. Zinajaa, zinasuguana, zinapata joto, mbao inaungua. Ukinunua nyingine ya bei kubwa yenye meno 80, itachoma vile vile ikiwa mpya kabisa. Kwa kupasua tafuta ya meno 24 hadi 30. Kama unataka bledi moja tu kwa kila kitu, ya 40 au 50 inavumilika, lakini mimi ningekuwa na mbili kuliko moja. Angalia tundu lake lilingane na shafti yako, na kasi ya juu iliyoandikwa juu yake isiwe chini ya kasi ya mashine.

Ile uliyonayo usiitupe, ioshe kwanza. Utomvu wa mbao, hasa wa msonobari, unaganda kwenye mbavu za meno na kuifanya bledi kali ionekane butu. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani, ifute na kuikausha papo hapo isipate kutu. Usikwangue meno kwa chuma. Kabaidi iliyo kwenye ncha za meno ni ngumu sana lakini inavunjika kirahisi, ndiyo maana hata kuilaza bledi juu ya meza ya chuma si vizuri, weka ubao chini yake. Ikishakuwa safi, tazama makali kwenye mwanga: ukiona mstari mweupe unaong'aa kwenye ncha, makali yameisha, ipeleke kunolewa. Jino lililovunjika au ufa kwenye bapa, bledi hiyo haifungwi tena.

Katika kutumia, nitataja yale ninayoyashikilia bila kujadiliana. Ubao uwe na uso mmoja ulionyooka unaolala mezani na ukingo mmoja ulionyooka unaoegemea fensi. Ubao uliopinda peleka kwenye randa kwanza, maana utayumba tu na kubana. Pandisha bledi mpaka meno yazidi unene wa ubao kwa milimita 3 hadi 6, si zaidi. Simama pembeni ya mstari wa bledi, usisimame nyuma yake. Vidole vikikaribia kama sentimita 15, chukua kijiti cha kusukumia, na kijiti hicho kikae juu ya fensi muda wote, usikitafute wakati bledi inazunguka. Mimi napendelea kibao kirefu chenye kisigino nyuma kuliko kijiti chembamba, kwa sababu kinausukuma ubao mbele na kuukandamiza chini kwa wakati mmoja. Kwa vipande vyembamba sioni cha kukizidi.

Usikate chochote kwa mikono mitupu bila fensi wala kipimo cha pembe. Na usivitumie vyote viwili pamoja, kipande kikabaki kimekwama kati ya fensi na bledi, hicho kitaruka. Ukitaka vipande vingi vya urefu mmoja, funga kigingi cha mbao kwenye fensi mbele ya bledi, upimie hapo, ili kipande kinapofika kwenye meno kiwe kimeshaachana na fensi. Glavu vua, mikono mirefu kunja juu, nywele funga. Glavu ikinaswa inauvuta mkono mzima. Miwani na vizibo vya masikio vaa kila mara.

Ubao ukianza kubana katikati ya kazi, usiurudishe nyuma bledi ikizunguka. Ushike imara, zima kwa goti, subiri isimame kabisa. Kwa hiyo swichi iwe mahali goti linafika, na iwe ya aina isiyojiwasha yenyewe umeme ukikatika na kurudi. Nimeingia kwenye karakana za watu nikakuta swichi ya ukutani ya taa ndiyo inawasha msumeno. Kama yako iko hivyo, ibadilishe kabla hata ya bledi. Waya wa kurefushia umeme nao usiwe mwembamba wala mrefu kupita kiasi, mota itakosa nguvu na kupata joto.

Umegusia pia zile mashine zinazojisimamisha zikigusa ngozi. Teknolojia hiyo aliibuni Steve Gass huko Marekani mwaka 1999, ikaja kuuzwa kama SawStop, na inaisimamisha bledi ndani ya milisekunde 5 hivi. Ni kitu kizuri na ningemshauri mwenye uwezo aichukue. Haizuii ubao kurushwa, lakini, kwa hiyo hata hiyo inafungwa kisu cha nyuma.

Matunzo ya kawaida ni mepesi. Ondoa unga wa mbao chini ya meza na karibu na mota. Meno ya gia za kupandishia bledi yasafishe kwa brashi, uyapake kilainishi kikavu au nta, maana grisi inakamata vumbi na kuwa kama udongo. Meza ipake nta isiyo na silikoni, vinginevyo vanishi itakataa kushika kwenye mbao zako. Mbao ikiteleza vizuri husukumi kwa nguvu, na nguvu ndiyo inayopeleka mikono kubaya. Vumbi lenyewe lisikae hewani: Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Vaa barakoa ya vumbi, na kama una mashine ya kufyonza, iunganishe.

Pima unene wa bapa, upana wa njia, na umbali wa matundu pale kisu cha nyuma kilipokuwa kimefungwa, kisha weka vipimo hapa pamoja na picha ya chini ya meza. Kwa mashine nyingi za zamani kisu kinapatikana, na kisipopatikana, fundi chuma mzuri anaweza kukukatia kutoka bamba lenye unene halisi unaotakiwa.