Bahati huanzisha, mchezaji hurefusha

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mcheza poka anayepoteza mfululizo ana bahati mbaya, au hajui kucheza? Mimi nimegawa karata katika kasino moja hapa Malindi kwa misimu kadhaa, na swali hilo nimelisikia mezani kwa Kiswahili, kwa Kigiriama na kwa Kiitaliano. Ninavyoona, bahati ndiyo inayouanzisha mkosi huo, lakini mara nyingi anayeurefusha ni mchezaji mwenyewe.

Bao tunalocheza barazani halina bahati hata chembe. Mashimo ni 32, kete ni 64, na kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Mzee akikufunga mara tano asubuhi moja, huna cha kusingizia. Amekuzidi. Ruleti, ule mchezo wa kasino wa kubahatisha kijipira kitatua wapi kwenye gurudumu, ni kinyume chake kabisa: gurudumu lina nambari 37, kuanzia 0 hadi 36, na hakuna ujuzi wa kuliamuru. Tarehe 18 Agosti 1913, kule Monte Carlo, kijipira kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walipoteza fedha nyingi sana wakiwekea nyekundu, kwa kuamini kwamba zamu yake imewadia. Gurudumu halikumbuki lilikotoka, na karata zikishachangwa upya nazo hazikumbuki.

Poka iko kati ya hiyo miwili, na hapo ndipo watu wanapoteseka. Kila mmoja hupewa karata mbili za siri, kisha tano za wote hufunguliwa mezani. Tuseme una ree mbili, karata kubwa kuliko zote, mwenzako ana wafalme wawili, na fedha zote zimeingia kabla ya karata za mezani kufunguliwa. Wewe utashinda karibu mara 82 kwa kila 100. Huwezi kuomba nafasi nzuri kuliko hiyo na ukaipata mara nyingi, lakini bado utapoteza karibu mara 18. Nafasi ya kupoteza hivyo mara tatu mfululizo ni kama 1 kwa 170. Anayecheza mara moja kwa mwaka ataona amelogwa. Anayecheza kila wiki kwa miaka, hilo litamkuta tu, wala halisemi lolote kuhusu ujuzi wake. Hata mtu anayeshinda michezo 6 kati ya kila 10, nafasi yake ya kufungwa mitano mfululizo kuanzia mchezo wowote ni karibu 1 kwa 100.

Wapo wanaosikia hesabu hizi wakahitimisha kwamba poka ni bahati tupu. Sikubaliani nao. Mwezi Januari 2017, mjini Pittsburgh, Marekani, programu ya kompyuta inayoitwa Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika michezo 120,000. Kinachonivutia mimi kama mgawaji ni namna walivyopunguza bahati: karata zilezile ziligawiwa katika vyumba viwili, ila pande zimegeuzwa, kwamba karata za programu chumba hiki ndizo za binadamu chumba kile. Ujuzi upo, ila kuuona waziwazi kulidai mpango huo na michezo mingi kiasi hicho. Sasa wewe unataka kuupima kwa usiku wa Ijumaa mmoja?

Ninachokiona mezani kinaanza baada ya pigo la pili au la tatu. Mtu aliyekuwa akitupa saba na mbili, karata mbovu kabisa, bila kufikiri sasa anaingia na kila alichogawiwa, kwa sababu anataka kurudisha chake kabla ya alfajiri. Anapandisha dau dhidi ya yule yule aliyemfunga, hata karata zikiwa mbovu. Wenzake wameshamsoma, wanatulia na kumngoja. Wa aina ya pili hutambulika kwa shida zaidi, naye ndiye anayenisikitisha: anakuwa mwoga. Ana karata nzuri kabisa, lakini haongezi dau, anaogopa karata ya mwisho mezani isije ikamvunja tena. Basi akishinda anapata kidogo, akishindwa anapoteza kama kawaida. Wote wawili wataniambia wana mkosi, wataomba wabadilishe kiti, wataomba nifungue karata mpya, na wapo walionitazama mimi kwa jicho baya. Mimi nafungua karata mpya. Uchezaji wao unabaki ule ule.

Kuna mteja mmoja nilimheshimu sana kwa desturi yake. Akipoteza fungu kubwa, yaani fedha zote zilizowekwa katika mchezo mmoja, huinuka, hunywa maji, kisha humsimulia rafiki yake mchezo mzima: alikuwa na karata gani, nani aliongeza dau, mezani kulikuwa na kopa ngapi. Ila hasemi ulivyoisha. Rafiki lazima aseme kwanza kama angeweka fedha au la. Wakati mwingine aliambiwa “ningeweka”, akarudi kukaa kama hakuna kilichotokea. Wakati mwingine aliambiwa “ningetupa”, na usiku huo aliaga mapema. Sijaona kipimo bora cha kutenganisha bahati na kosa, kwa sababu anayejua mwisho wa mchezo hawezi tena kuupima uamuzi kwa haki.

Kuna chanzo kingine ambacho swali lenu halikukigusa. Kila fungu linaloshindaniwa, nyumba, yaani kasino, hukata sehemu yake. Watu sita wenye uwezo sawa wakikaa meza moja mwaka mzima, karata zitawatendea haki wote, na bado wote sita wanaweza kumaliza mwaka wakiwa wamepungukiwa, kwa sababu fedha zimekuwa zikitoka mezani kidogo kidogo. Hapo hakuna mwenye mkosi wala mjinga. Kuwazidi wenzako kidogo hakutoshi. Lazima uwazidi kwa kiasi kinachopita makato. Nikiulizwa na kijana wa hapa mjini kwa nini anapoteza kila mwezi ilhali anacheza vizuri, hilo ndilo ninalomtajia kwanza, kabla hatujafika kwenye ree zake zilizovunjwa.