Huyo wa Arabuko-Sokoke ni batisi

Dadangu hicho kidege ulichokiona kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Gede, pwani ya Kenya, tumbo jeupe na mkanda mweusi kifuani, ni batisi dume, ila sasa hapo kuna batisi wa aina mbili na ndio watu wanachanganyikiwa. Angalia jicho kwanza! Umesema lilikuwa jekundu, basi huyo ni batisi wa msituni, yule mwenzake batisi mweupe ana jicho la njano. Picha yako imetoka na ukungu kidogo lakini ule mkia mfupiii unaonekana kabisa, kana kwamba umekatwa na mkasi.

Jike ndilo rahisi zaidi, la msituni lina rangi ya kutu kooni, kifuani na hata kwenye bawa, la yule mweupe koo ni jeupe lina doa tu la hudhurungi na mstari wa bawa ni mweupe.

Halafu tizama ulikuwa umesimama wapi, kwenye ile miti ya mirihi (Brachystegia) ya mchanga mweupe huwa ni batisi mweupe, tena anakaa juu juu huko shingo ikuume, lakini ukiingia vichaka vizito upande wa udongo mwekundu unampata wa msituni. Wanatembea wawili wawili na hupenda kufuatana na ndege wengine wakitafuta wadudu, kwa hivyo ukisikia kelele za kundi linapita usikimbilie kamera, tulia hapo hapo watakuja wenyewe. Asubuhi mapema lakini, saa nne jua likishakuwa kali msitu unanyamaza.