Nilimgombeza msimamizi wa mfereji bure kabisa

Juzi dada mmoja kaniandikia, ana nusu ekari ya nyanya huko tambarare ya Moshi, anasema zamu yake ya maji inaisha maji yakiwa yamefika katikati ya shamba tu, huku juu panaogelea na kule chini udongo umepasuka kama kisigino. Anauliza anunue pampu gani. Dada yangu, hiyo hela ifunge kwanza kwenye kanga unisikilize.

Msimu ule wa balaa nilikuwa na ekari moja Kahe. Zamu yangu saa saba usiku, natoka na tochi na beleshi, nikifika nafungua vijifereji kumi vya katikati ya mistari ya nyanya kwa mpigo ili niwahi kulala, nikijiona mjanja kweli. Sasa maji yakigawanywa kumi yanakuwa uzi tu, yanazama pale pale mdomoni. Kukicha hatua 40 za mwanzo ni tope na 50 za mwisho hata ndala hazilowi. Nikaamini naibiwa maji. Nikamvaa msimamizi wa mfereji mbele za watu, maneno niliyomtolea siyarudii hapa, alafu nikakodi pampu na mafuta juu yangu, tope likazidi kulekule juu.

Mavuno? Juu mizizi ilioza, chini nyanya zikatoka na kitako cheusi. Hii inakuja mmea ukipata maji leo mengi kesho hakuna, kalsiamu haifiki kwenye tunda, na mimi nilipuliza dawa ya ukungu mara tatu jamani! Mke wangu hakusema kitu, na bora angesema.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja jirani, anapata maji masaa machache kuliko mimi na nyanya zake zimejaa matenga. Alikuja na kipande cha nondo kilichochongwa ncha, akakichoma kwenye kijifereji changu pale juu, kikazama mpaka mkono wake ukagusa tope. Tukashuka chini, akachoma, kikagoma kwenye urefu wa kidole. Akaniangalia. "Baba, wewe unanywesha mchanga huko chini ya mizizi."

Tukakata shamba. Zile hatua 90 tukazigawa vipande vitatu kwa mifereji midogo ya kugawia inayokatisha, tukasawazisha vibonde kwa mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule wa kupimia usawa, na sa hivi nafungua vijifereji vitatu tu kwa nguvu, maji yakikaribia mwisho napunguza kwa kiroba cha mchanga, maana ukiyaacha na nguvu ileile yanachimba udongo na kumwagika kwa jirani. Kabla ya zamu nachoma nondo kwanza, ikizama vizuri namwachia mwenzangu maji. Miche ikishakomaa nanywesha kijifereji kimoja naruka kimoja, zamu ijayo nanywesha vile nilivyoruka. Ila miche michanga usiiruke, mizizi bado mifupi.

Na hesabu muifanye, vijana hatupendi hesabu. Ekari ni kama mita za mraba 4,000, maji ya kimo cha sentimita 2 na nusu tu hapo ni lita 100,000 hivi, sasa ukilowesha juu mara tatu ya hitaji umemwaga matangi mangapi, alafu unasema serikali ituletee maji. Wazee wa Kichaga walishusha maji toka mlimani kwa mifongo, yaani mifereji yao ya asili, wanapima mteremko kwa macho, sisi na simu zetu nusu ekari inatushinda. Tubadilike! Tuache kulaumu watu.

Kwa hiyo dada, tafuta nondo kwa fundi yeyote, choma juu, choma katikati, choma chini, nitumie majibu kabla hujagusa hela ya pampu.

Msimamizi wa mfereji sijamwomba msamaha mpaka leo. Wiki iliyopita tulipishana darajani, nikaweka simu sikioni nikajifanya naongea.