Trela ya benki kwa pesa mkononi: utoe ofa ya kiasi gani?

Dada mmoja aliyeko Louisville, Kentucky, ameniandikia. Upatu wao umemwangukia, ana dola 30,000, na kuna trela ya vyumba vitatu, yaani nyumba ya kuishi iliyojengwa kiwandani juu ya chesisi, iliyokamatwa na benki inauzwa 34,900. "Kaka, nitoe ngapi?" Maswali ya namna hii yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa Waislamu wanaokwepa riba na kwa ndugu zetu Wakongo ambao bado hawajajenga rekodi ya mikopo Marekani. Nawajibu wote hapa.

Dada, bei iache kwanza. Uliza benki inauza nini: trela peke yake, au trela na ardhi iliyokalia?

Trela nyingi kule zinahesabiwa kama gari. Zina hati yake, na mwenyewe akishindwa kulipa, benki inaikamata kama inavyokamata gari. Wewe unanunua mbao, mabati na chesisi. Kiwanja ni cha mtu mwingine, na huyo ana nguvu kuliko benki. Mwenye uwanja wa trela atapekua rekodi yako ya polisi na ya mikopo, na anaweza kukukataa hata kama umeshamlipa muuzaji. Pengine anadai pia kodi ya kiwanja iliyolimbikizwa tangu mwenye trela wa zamani aondoke. Mpigie simu kabla ya ofa. Uliza kodi ya mwezi, deni lililopo, nani atalilipa, na kama trela ya mwaka ule inaruhusiwa kubaki ikipata mwenyewe mpya. Ukifukuzwa uwanjani, kuhamisha trela ya upana mmoja mara nyingi ni dola 5,000 hadi 15,000, na ya pande mbili ni zaidi, kwa sababu inatenganishwa katikati na kusafirishwa vipande viwili.

Kama ardhi imo, shida inahamia kwenye makaratasi. Trela ikishafungwa juu ya ardhi, hati ile ya kama gari inatakiwa irudishwe serikalini na ifutwe, ili nyumba na ardhi viwe kitu kimoja. Mara nyingi hakuna aliyefanya hivyo. Benki inakupa hati ya ardhi, wewe unafurahi, kumbe hati ya trela bado ina jina la mtu aliyehama zamani. Trela ya pande mbili huweza kuwa na hati mbili, moja kila upande. Florida iko hivyo. Texas hawatoi hati ya gari kwa trela, wanatoa taarifa ya umiliki kutoka idara ya nyumba ya jimbo. Andika ndani ya ofa kwamba benki ndiyo itakayokabidhi hati zote za trela au ushahidi kuwa zimefutwa, na kwamba hulipi mpaka ziwe mezani. Na majimbo kama Alabama na Michigan yanampa mwenye nyumba wa zamani muda wa kuikomboa baada ya mnada, kwa hiyo muulize wakili kama muda huo umekwisha kabla hujagonga msumari hata mmoja.

Ukienda kuikagua, anza nje. Tafuta kibati chekundu cha alumini, kama sentimita 5 kwa 10, upande wa nyuma, karibu futi moja kutoka sakafuni. Kila kipande cha trela kina chake. Hicho ndicho kinachoonyesha kuwa trela ilijengwa kwa kanuni za serikali kuu zilizoanza tarehe 15 Juni 1976. Ya kabla ya hapo, mimi nasema achana nayo hata wakikupa kwa bei ya friji: bima ni taabu, na viwanja vingi havipokei trela kuukuu kiasi hicho. Namba ya trela imegongwa kwenye chuma cha mbele kabisa cha chesisi. Ilinganishe na hati, herufi kwa herufi. Ndani, kwenye kabati la jikoni au karibu na boksi la umeme, kuna karatasi yenye ramani ya kanda za upepo. Trela ya kanda ya 1 huruhusiwi kuipeleka kuisimika kanda ya 2 au ya 3, yaani pwani za vimbunga.

Kisha chukua bisibisi. Sakafu za trela nyingi ni mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa; zikinywa maji zinavimba kama mkate. Chokoa kuzunguka choo, chini ya tangi la maji moto na chini ya madirisha. Bisibisi ikizama, hesabu sakafu yote ya chumba hicho na si kipande unachokiona. Inama uangalie chini: turubai linalofunika chini ya sakafu likiwa limechanika, panya wameshaingia na bomba zimeshapigwa na baridi. Bomba za plastiki ya kijivu, zilizotumika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya 1990, hesabu kuzibadilisha zote. Angalia kama mashine ya nje ya kiyoyozi ipo. Nyumba tupu huibiwa shaba. Maji ya waridi utakayoyaona chooni ni dawa ya kuzuia kuganda, ikimaanisha bomba zimekaushwa. Omba ruhusa ya maandishi ili fundi azijaze na kupima presha, kwa sababu bomba lililopasuka halijionyeshi likiwa kavu.

Sasa bei. Anayenunua kwa pesa mkononi hana mkopo wa kumalizia matengenezo, kwa hiyo pesa ya kununua na ya kurekebisha ni fungu moja. Tuseme fundi amesema sakafu na bomba 5,000, kiyoyozi 4,500, paa 1,500. Jumla 11,000. Ongeza 2,000 za yale yasiyoonekana, na 2,000 za deni la kiwanja, hati na bima. Ni 15,000. Toa kwenye 30,000: ofa yako ni 15,000, dada, wala si 30,000. Benki inaweza kukataa. Iache. Trela ikikaa bila mnunuzi huwa wanashusha bei, na ofa yako unairudisha palepale. Mtu atakayekuhimiza uongeze "kidogo tu" hatakuja kukununulia tangi la maji moto.

Ofa iende na taarifa ya akaunti yako ya benki yenye jina lilelile lililo kwenye ofa, na arubuni iwekwe kwa kampuni inayosimamia mauziano, kamwe isiwe mkononi mwa dalali. Omba siku 7 hadi 10 za ukaguzi. Benki itakurudishia nyongeza yake ya mkataba: nyumba inauzwa kama ilivyo, na ukichelewa kukamilisha mauziano unatozwa faini kwa siku. Soma yote, maana nyongeza hiyo ndiyo inayoshinda ulichoandika wewe, hata kile kipengele cha hati.

Pesa za upatu ziingie benki mapema na kwa mkupuo. Ukiweka noti zaidi ya dola 10,000, benki inajaza fomu ya serikali, basi, huna kosa. Ukizigawanya 9,000 leo na 9,000 kesho ili kuikwepa fomu, hapo umevunja sheria ya serikali kuu hata kama kila senti ni ya halali. Maelekezo ya kutuma malipo yakija kwa barua pepe, piga simu kwa namba uliyoipata mwenyewe kabla ya kutuma. Wezi wanapenda sana barua hizo.

Ukishakabidhiwa, badilisha vitasa, nenda na hati ukaibadilishe jina wiki hiyohiyo, na unapofungua maji, jaza tangi la maji moto mpaka bomba la moto litoe maji bila kukohoa ndipo uwashe swichi yake. Likiwashwa tupu, koili zinaungua papo hapo.