Usimsaidie mzee kuficha udhaifu wake

Baba alipoulizwa kama amechoka, alijibu, "Namshukuru Mungu." Nami nikamtafsiria nesi: hajachoka.

Tulikuwa Minnesota. Moyo wake ulikuwa umeshindwa kusukuma damu, na madaktari walifikiria kumwekea pampu, ile inayoshonwa moyoni na kutoa waya tumboni hadi kwenye betri. Nesi alitaka kujua ni siku ngapi wiki ile Baba alihisi kila alichofanya ni mzigo. Mimi nikalifupisha swali likawa "umechoka?" Jibu la kweli lilikuwa siku zote saba. Kutoka kitandani hadi chooni alipumzika mara mbili.

Nilidhani ni mtihani, na mzee akifeli atanyimwa pampu. Kwa hiyo kwenye kipimo cha kutembea mita 5 nilimnong'oneza aharakishe, ingawa alikuwa ameambiwa aende mwendo wake wa kila siku. Ukizidi sekunde 6 unahesabiwa kuwa mzito wa mwendo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniona, akanivuta kando kwa upole. Kuna udhaifu unaoletwa na moyo wenyewe, akasema: damu haitoshi, misuli inanyauka. Huo pampu inaweza kuupunguza, polepole, kwa miezi. Lakini upo unaotokana na umri, mapafu, magoti, au kisukari kilichoharibu neva za miguu, na huo pampu haiugusi. Mtu anaweza kupona kidonda cha kifua na bado asiinuke kitandani. Hakuna kipimo kimoja kinachotenganisha hayo mawili, ndiyo maana wanapima mwendo, nguvu ya kiganja, kuinuka kitini mara 5 mikono ikiwa kifuani, hata kukumbuka maneno na kuchora saa. Maana kengele ya pampu ikilia usiku, betri zile atazibadilisha nani kama akili na mikono havimsaidii?

Kilichotudanganya zaidi ni mizani. Kila wiki kilo zilezile, nasi tukifurahi. Kumbe maji yaliyojaa miguuni na tumboni yalikuwa yamechukua nafasi ya nyama. Dawa za kukojosha zilipoyatoa, tukabaki tunatazama mifupa ya mabega. Mwangalie mgonjwa wako mapajani na kwenye panja, usiiamini namba peke yake.

Na tafadhali, usiwe mkalimani wa mzazi wako. Omba wa hospitali, Marekani hulipii. Mzee wetu akiulizwa hali atasema njema hata akiwa taabani, na mtoto akitafsiri anazidi kuipamba. Wewe kazi yako iwe daftari: jana alifika wapi, alipumzika mara ngapi, nani alimvisha viatu. Kisha muulize daktari waziwazi, udhaifu upi unatoka moyoni na upi hautoki, na upi unaweza kushughulikiwa kabla ya upasuaji.

Niliomba Baba aulizwe upya. Safari hii mkalimani alikuwepo, nami nilikaa kimya pembeni. Alisema siku zote saba. Akaongeza jambo ambalo nyumbani hatukuwahi kulisikia: kwamba usiku analala akiwa amekaa kwenye kochi la sebuleni, ili Mama asimsikie akihema. Wakaanzia hapo, chakula chenye protini na mazoezi mepesi kwanza, pampu ikajadiliwa baadaye.