Presha si ugonjwa wa matajiri

Swali: Daktari, mimi ni bawabu katika jumba la wageni huku Casuarina, Malindi. Nimepimwa presha siku tatu tofauti na haijashuka chini ya 160 kwa 100. Jamaa wananiambia kuwa huo ni ugonjwa wa matajiri, kwa hiyo kipimo kimekosea, na nimeuziwa chupa ya mitishamba ya kusafisha damu. Nimesikia pia kwamba pengo la kipato huleta maradhi. Lipi la kweli?

Jibu: Ndugu yangu, kipimo hakikukosea, na vidonge ulivyoandikiwa usiviache hata siku moja kwa ajili ya chupa hiyo. Linaloniudhi ni hilo neno "ugonjwa wa matajiri", ambalo hulisikia karibu kila siku ya kliniki, mara nyingi kutoka kwa mke au mtoto wa mgonjwa aliyeletwa akiwa amekwisha kupooza upande mmoja.

Mwaka 1967 ulianza mjini London uchunguzi wa watumishi wa serikali wanaume wapatao 18,000, ujulikanao kama Whitehall. Hakuna kati yao aliyekuwa hohehahe, kwani wote walikuwa na mshahara na matibabu ya taifa yasiyolipiwa. Hata hivyo, matarishi na mabawabu, yaani watu wa kazi kama yako, walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko maafisa wa daraja la juu kabisa. Wala haikuwa habari ya walio chini tu, kwa sababu hata waliokuwa daraja la pili kutoka juu walikufa zaidi kuliko waliowatangulia. Sigara, presha na mafuta ya damu vilieleza chini ya nusu ya tofauti hiyo.

Kwamba mwenye kipato kidogo huugua zaidi, hilo halina ubishi. Kwamba upana wa pengo wenyewe humdhuru hata mtu wa kati, wataalamu wangali wanajadiliana ni kwa kiasi gani, ingawa Marekani, yenye pengo pana kuliko Japani, hutumia fedha nyingi zaidi kwa matibabu ya kila mtu na bado watu wake huishi miaka michache kuliko Wajapani na huuana zaidi. Mwili unaokaa katika wasiwasi wa kodi, zamu za usiku na amri zisizo na mjadala hukosa usingizi na kujaa homoni za mfadhaiko, na moyo hulipa.

Hapa kwetu naliona jambo hili kila masika, hoteli zinapofungwa na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani bila mshahara. Matumizi ya kwanza kukatwa ni dawa, maana presha haiumi. Muuza chupa naye hukopesha, ilhali duka la dawa halikopeshi, na ndiyo maana biashara yake hushamiri katika mitaa kama Muyeye na Barani kuliko majumbani mnakolinda, japo chupa moja mara nyingi huuzwa ghali kuliko vidonge vya mwezi mzima. Yeyote anayekuahidi kuiponya presha kwa siku saba, au anayekuambia uache vidonge kwa kuwa umejisikia mwepesi, anakuuzia kiharusi. Chupa zao hazina hata karatasi inayotaja kilichomo, hivyo mgonjwa anapoletwa figo zikiwa zimeharibika, sisi tunaompokea hatuna la kuanzia.